Kusahau kwa Mtu Mwenye VVU: Siyo Kurogwa

Huenda nyumbani kwako yuko mtu anayeishi na VVU ambaye siku hizi anasahau sana. Anaacha sufuria motoni, anashindwa kufunga vifungo vya shati, anatembea taratibu kama mzee, hataki kuongea. Majirani husema amerogwa, au mawazo ya vita yamemzidi. Mawazo yapo, hatukatai. Lakini VVU navyo huweza kuharibu ubongo.

Inakuwaje? VVU huingia ubongoni mapema, vikibebwa ndani ya chembechembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Askari hao huitana kwa kemikali ziitwazo saitokaini, mfano wa king'ora. Ukiugua mafua, king'ora hulia siku chache kikanyamaza. Kwa VVU kinaendelea kulia, na kemikali zikizidi huumiza seli za fahamu, ingawa virusi havikuziingia. Watafiti walipopima maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa wa aina hii walikuta kemikali hizo zimepanda.

Hapo wengi huogopa: "Ukitolewa maji mgongoni utapooza!" Sindano huchomwa chini, kiunoni, na mshipa mkuu wa fahamu umeishia juu zaidi. Baadhi huumwa kichwa siku chache. Daktari huyapima maji hayo hasa kutafuta magonjwa mengine yanayofanana na hili, kama homa ya uti wa mgongo ya fangasi au ya TB, ambayo huua lakini yana dawa.

Kuna pia kipimo kisichohitaji damu wala mashine, kilichochapishwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Uganda na Marekani: mgonjwa hukumbuka maneno manne, hugonganisha vidole haraka na kubadili mikao ya mkono.

Tiba kubwa ni ARV. Tangu zianze kutolewa kwa mchanganyiko mwaka 1996, hali mbaya kabisa ya ugonjwa huu imepungua sana kwa wanaozipata. Ile ya kadiri bado ipo. Tabu ni kwamba anayesahau husahau na dawa, virusi vikaongezeka, akasahau zaidi. Basi asiachwe kumeza peke yake. Mtu mmoja wa nyumbani amkumbushe saa ileile kila siku, na amsindikize kliniki.

Ila akipata homa na kichwa kikali, shingo kukakamaa, degedege, au akichanganyikiwa ghafla, usingoje tarehe ya kadi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.