Malaika Alileta Mkate

Somo la wiki kwa darasa la Jumapili na ushirika wa nyumbani

Andiko kuu: 1 Wafalme 19:1-18
Soma pia: 1 Wafalme 17:8-16, Isaya 58:6-7, Marko 5:35-43, Yohana 21:1-14, 2 Wakorintho 1:3-7 na 7:5-7
Andiko la kukariri: 2 Wakorintho 1:4 (kila mmoja alikariri kutoka kwa Biblia yake)
Lengo la somo: Kuitambua faraja inayotoka kwa Mungu, ili tusidanganywe na faraja ya uongo.

Utangulizi



Sisi watu wa Roho tunaipenda sana sura ya 18 ya Wafalme wa Kwanza. Moto umeshuka Karmeli, manabii wa Baali wameaibika, mvua imenyesha. Hiyo tunaihubiri mpaka jasho linatutoka. Sura ya 19 tunaipita haraka haraka, kwa sababu pale yule yule mtu wa moto anakimbia, anaketi chini ya mti jangwani, anamwomba Mungu achukue roho yake.

Leo hebu tukae naye pale chini ya mti. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa pale.

Mke wangu alifariki mwaka 2016 baada ya kuugua muda mrefu. Kanisa lilinishika mkono vizuri siku za matanga. Lakini nyinyi mnajua ilivyo. Turubai hufunguliwa, viti vikarudishwa, wageni wakapanda matatu, na nyumba ikanyamaza. Watoto niliwapeleka kwa nyanya yao Ganze. Nikafunga karakana yangu ya mbao hapa Malindi, nikasema, "Naingia kwenye maombi."

Nikaanza kufunga. Siku tatu, kisha saba, kisha nikaacha kuhesabu. Ndugu mmoja wa maombi alinitembelea, akaona nilivyokonda, akaniambia kwa furaha, "Ndugu, umeingia viwango vingine!" Sikumjibu. Ndani yangu nilijua ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu: sikuwa naomba. Nilikuwa nimelala kitandani nikingoja kumfuata mke wangu. Nilikuwa nauita mfungo, kumbe ni kifo nilichokuwa nakitafuta, nimekivisha nguo za kanisa.

Aliyenitoa pale ni jirani yangu, bibi Mwislamu anayeuza mahamri na mbaazi za nazi asubuhi. Alipita mlangoni akaona umefungwa siku nyingi. Akabisha hodi mpaka nikafungua. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akaniangalia, akarudi kwake. Baada ya dakika chache amekuja na sahani na chai ya tangawizi. Akaketi kizingitini. "Kula kwanza, mwanangu. Kulia kupo, hakuondoki."

Nikala hamri moja nikilia. Kesho yake akaja tena. Hivyo hivyo karibu wiki mbili, wala hakuniuliza habari za dini.

1. Faraja ya Mungu huanza na mwili

Soma tena mstari wa 5 hadi wa 8. Eliya amesema anataka kufa. Mungu hakumkemea. Hakumwambia imani yake imeshuka. Alimwacha alale. Halafu malaika akamgusa na kumwambia ale. Pale kichwani pake kulikuwa na mkate wa moto na maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula kile kile, kwa sababu safari mbele yake ilikuwa kubwa kumshinda.

Wengi tunataja zile siku 40 alizotembea mpaka Horebu na tunasahau kwamba kabla ya siku hizo alilishwa mara mbili na kulala mara mbili. Nguvu zilizompeleka mlimani zilitoka kwa mkate ule.

Bwana wetu Yesu alifanya vivyo hivyo. Alipomfufua binti wa Yairo, watu wamepigwa na butwaa, yeye aliagiza mtoto apewe chakula. Na baada ya kufufuka kwake, wanafunzi wamevua usiku kucha bila kitu, wamechoka kama wavuvi wetu wa Mayungu wanavyorudi alfajiri na ngalawa tupu. Wakamkuta ufuoni, makaa yanawaka, samaki yuko juu. Aliwaita wale kwanza. Mazungumzo mazito na Petro yalikuja baada ya kula.

Nieleweke vizuri. Sipingi kufunga. Kanisa letu linafunga, na mimi ninafunga. Lakini mfungo wa Biblia una mwanzo na una mwisho, na anayefunga anatarajia kuishi. Isaya 58 inakwenda mbali zaidi: mfungo unaompendeza Mungu hufanya mwenye njaa jirani yako ashibe.

2. Huja kwa mikono ya watu, hata wasiotarajiwa

Kabla ya malaika, Eliya alilishwa na kunguru, kisha na mjane wa Sarepta. Yule mama hakuwa Mwisraeli. Alikuwa nchi ya Sidoni, alikotoka Yezebeli mwenyewe, na alibakiwa na unga wa kupika mara moja tu. Mungu angeweza kumtuma malaika Sarepta pia, lakini alimtuma nabii wake kwa mama maskini wa kabila lingine.

Nilipompa mchungaji wangu habari za yule bibi, nilikuwa na aibu kidogo. Mzee wa maombi analishwa na Mwislamu, na washirika wapo? Mchungaji akacheka, akanifungulia Sarepta. Kisha akanyamaza, akasema, "Lakini sisi tuliokuwa karibu nawe, tulikuwa wapi?" Swali hilo lilimwuma yeye, na mimi naliacha hapa lituume sote.

Paulo naye, alipofika Makedonia akiwa na vita nje na hofu ndani, anasema Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito. Faraja ya mbinguni ilishuka ikiwa mtu mwenye vumbi la njia miguuni.

3. Humpa mtu kazi na jambo la kujifunza

Pale Horebu Mungu alimwuliza Eliya anafanya nini huko, akamsikiliza manung'uniko yake mara mbili, kisha akampa kazi: rudi, wapake mafuta fulani na fulani, na Elisha awe nabii baada yako. Mtu aliyetaka kufa sasa ana mwanafunzi wa kumfundisha.

Yule bibi, sijui alijifunza wapi hekima hii. Wiki ya pili alikuja na sahani mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika mbuzi yake ya kukunia nazi. Mguu umelegea. "Nitakuna nazi vipi, na wewe fundi umelala?" Nikafungua karakana kwa ajili ya mbuzi ile. Nikapiga randa mguu mpya, nikaupachika. Ilikuwa kazi ya saa moja, lakini siku ile nilipata usingizi. Wiki iliyofuata nilikwenda Ganze kuwachukua watoto wangu.

Historia ya pwani yetu ina mfano wake. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa na mkewe Rosina. Julai mwaka huo huo homa ilimwua Rosina, na binti yao mchanga akafariki pia. Krapf akawazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Angeweza kupanda jahazi akarudi kwao. Alibaki, akaendelea kujifunza Kiswahili neno kwa neno. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanza kituo cha Rabai, ambayo leo iko katika kaunti yetu ya Kilifi. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Huzuni haikumwisha kwa siku moja, lakini kila siku ilimkuta ana kazi mkononi.

Na Paulo, akiwa gerezani karibu na mwisho wake, alimwagiza Timotheo joho na vitabu (2 Timotheo 4:13). Kitu cha kuukinga mwili na baridi, na kitu cha kusoma. Mtume hakuona haya kuhitaji vyote viwili.

4. Humrudisha mtu kwa watu

Angalia mstari wa 3. Kabla ya kuingia jangwani, Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba. Mimi niliwapeleka watoto Ganze. Huzuni inapenda kutuweka peke yetu, kisha inatuambia hakuna mwingine aliyebaki. Mungu alimwambia Eliya wako 7,000 wengine, akamrudisha njia ile ile aliyokuja nayo.

Kuipima faraja

Sasa niseme jambo ambalo hapa kwetu hatuwezi kulikwepa.

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, huko Chakama. Ilitolewa miili zaidi ya 400, na watoto wakiwemo. Uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Kulikuwa na watu walioacha kazi na kuuza mali ili waende kule. Baadhi ya waliookolewa walikataa hata maji. Miili ilihifadhiwa hapa hospitali ya Malindi, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024, baada ya vipimo vya vinasaba. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, eneo hilo hilo la Chakama. Kesi ziko mahakamani, na hukumu tuiachie mahakama.

Wengine husema, "Wale walikuwa wajinga." Mimi siwezi kusema hivyo. Nilipokuwa kitandani mwaka 2016, kama angekuja mtu na Biblia mkononi akaniambia, "Endelea hivyo hivyo, ndugu, usile, utamwona mkeo na utamwona Bwana," ningemfuata. Nilikuwa tayari. Kilichonitofautisha na wao ni kwamba aliyebisha hodi kwangu alibeba mahamri.

Kwa hiyo, mpendwa, mtu akikuletea faraja kwa jina la Mungu, ipime na sura hii ya 19:

- Je, inakulisha, au inakunyima chakula, usingizi na dawa?
- Je, inakurudisha kwa familia na jirani, au inakutenga nao?
- Je, inakupa kazi na kujifunza, au inakuambia uache kazi na uwatoe watoto shuleni?
- Je, inakubali kuulizwa maswali? Eliya alinung'unika mbele ya Mungu mara mbili na hakufukuzwa.

Na kuhusu watoto, Katiba ya Kenya, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya chakula, makao, matibabu na elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hakuna unabii unaofuta haki hiyo. Ukijua mtoto ananyimwa, mwone chifu au polisi, au piga 116, simu ya bure ya watoto. Kufanya hivyo si kumsaliti mtumishi wa Mungu.

Tufanye nini wiki hii

Kila ushirika wa nyumbani uandike majina ya waliofiwa katika mwaka huu mmoja, hasa wale ambao matanga yao yalikwisha zamani. Gawaneni. Nenda na sima, au wali, au hata chai na mkate. Usiende na mahubiri marefu. Ukimkuta mtu ameacha kula, au anasema anatamani kufa, usimsifu kwa imani yake. Kaa naye, mjulishe mchungaji, mpeleke hospitali. Na kama mtu huyo ni wewe, mwambie mtu mmoja leo, kabla hujatoka ibadani.

Yule bibi bado anauza mbaazi. Ile mbuzi nimeitengeneza mara mbili tena, na hajawahi kukubali nimlipie mahamri yale.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Mungu alimlisha Eliya kabla ya kuzungumza naye?
2. Ni nani aliyekuwa mjane wa Sarepta katika maisha yako? Ulimshukuru?
3. Tunawezaje kutofautisha mfungo wa maombi na mtu anayekata tamaa? Toeni dalili tatu.
4. Ni mlango gani jirani yako umefungwa siku nyingi bila mtu kubisha?

Sala

Baba, wewe uliyemlisha Eliya chini ya mti, tulishe nasi tunapochoka. Wafariji wenzetu waliopoteza watu wao Shakahola, na wale ambao bado wanawatafuta. Tusamehe pale tulipopita mlango wa ndugu yetu bila kubisha. Utufanye kuwa mikono inayobeba mkate. Katika jina la Yesu. Amina.