Maria Mweusi wa Detroit

Swali: Picha hii ilianzaje?

Jumapili ya Pasaka, 26 Machi 1967, waumini wa kanisa la Kiprotestanti la Mchungaji Albert Cleage katika barabara ya Linwood, Detroit, walionyeshwa picha yenye kimo cha futi 18 ya Maria mweusi aliyempakata mtoto mweusi. Mchoraji alikuwa Glanton Dowdell. Cleage baadaye alijiita Jaramogi Abebe Agyeman.

Swali: Waprotestanti wana kazi gani na Maria?

Hapo ndipo penye utamu. Hawakumwomba, wala Cleage hakuwafundisha kumwomba. Alihubiri kwamba Yesu alikuwa mweusi, mkombozi wa taifa lililokandamizwa na Warumi, basi na mama yake awe mweusi. Lakini nadhani picha ilisema mengi kuliko mahubiri. Enzi za utumwa, mama mweusi wa Marekani alinyonyesha watoto wa bwana huku wa kwake wakiweza kuuzwa wakati wowote. Hata baada ya utumwa, sinema na matangazo yalimpenda akiwa yaya. Hapa yuko madhabahuni, na mtoto aliyempakata ni wake.

Swali: Kihistoria ni kweli?

Maria alikuwa Myahudi wa Galilaya. Cleage alitia chumvi. Mwanateolojia James Cone, katika kitabu chake cha 1969, aliutazama weusi wa Kristo kama alama ya Mungu kusimama upande wa wanaoonewa. Mimi niko na Cone. Ila yule Maria mwenye macho ya bluu naye hana cheti cha kuzaliwa Galilaya!

Swali: Jambo hili liliishia kanisani?

La. Julai mwaka huohuo ghasia zilizuka Detroit na watu 43 wakafa. Katika siku hizo sanamu nyeupe ya Yesu kwenye seminari ya Kikatoliki ya Sacred Heart ilipakwa rangi nyeusi usoni, mikononi na miguuni. Wengine wakairudishia nyeupe; seminari yenyewe ikaipaka nyeusi tena, na ikaiacha hivyo.

Swali: Wanawake weusi wote waliridhika?

Hata kidogo. Kumtukuza mama kunaweza kuwa njia ya kumtwisha mzigo zaidi. Mwaka 1993 Delores Williams, mwanateolojia mweusi, alimchagua Hajiri wa Biblia kuwa mfano wake: mjakazi aliyezalishwa kwa amri ya bibi yake, kisha akafukuzwa jangwani na mwanawe. Kwa Williams, Mungu wa Hajiri humpa mwanamke namna ya kuishi. Hamtaki ateseke kwa ajili ya wengine.