Nianzie wapi kusomea haki ya jinai ng'ambo?

SWALI: Niko mwaka wa pili wa shahada ya haki ya jinai. Nyumbani ni Migori. Natamani kwenda Marekani kwa muhula mmoja. Nianzie wapi, na nikirudi naweza kuwa wakili?

JIBU: Anza kwa mkuu wa idara yako. Mwombe akuandikie ni masomo gani ya huko yatahesabiwa kwenye shahada yako. Bila barua hiyo, huenda ukarudia muhula mzima.

Chagua masomo yanayovuka mipaka: sayansi ya uchunguzi, haki za waathiriwa, urekebishaji wa wafungwa. Taratibu za kesi hutofautiana. Marekani ina baraza la wazee wa mahakama, sisi jaji huamua peke yake.

Cheti cha tabia njema, iwapo chuo kitakitaka, huombwa eCitizen. Alama za vidole utachukuliwa Huduma Centre, Migori au Homa Bay. Chuo kikikukubali kwa masomo ya viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, hukupa fomu ya I-20. Kisha lipa ada ya SEVIS, dola 350, kabla ya mahojiano ubalozini Nairobi.

Usitegemee kibarua kulipa karo: wakati wa masomo, F-1 huruhusu kazi ya chuoni isiyozidi saa 20 kwa wiki. Hata wanafunzi 81 waliosafirishwa kwenda Marekani mwaka 1959 kwa juhudi za Tom Mboya, mwana wa Rusinga, walihitaji michango.

Uwakili ni njia nyingine: Kenya School of Law hudai shahada ya sheria. Yako inafaa polisi, magereza na probesheni.