Somo: Barafu Inayoharibu Kazi ya Frigo

Ndugu msomaji, siku moja utafungua frigo ya nyumbani kwako na kuona barafu nyeupe imefunika kuta za chumba cha juu. Pengine utafurahi na kusema, "Frigo yetu ina nguvu sana!" Lakini sivyo. Barafu nyingi si alama ya nguvu. Homa inamwonyesha mganga kwamba kuna ugonjwa mwilini. Vivyo hivyo barafu nene inakuonyesha kwamba kuna kosa katika frigo, au katika desturi za nyumba.

Kwa nini tunafundisha neno hili katika kitabu cha afya? Kwa sababu ndani ya frigo mnaweka nyama, maziwa na sombe ya watoto. Na wagonjwa wengine wa sukari wanaweka humo insulini yao. Frigo ikishindwa kazi, tumbo la mtoto linaumwa, na dawa ya mgonjwa inaharibika.

1. Barafu inatoka wapi?

Hewa tunayopumua ina maji ndani yake, ingawa macho hayaoni. Weka chupa ya maji baridi sana mezani, nawe utaona inatoa jasho. Jasho hilo halikutoka ndani ya chupa. Ni maji ya hewa. Kila mara mlango wa frigo unapofunguliwa, hewa yenye maji inaingia. Maji hayo yanakutana na ukuta wa baridi kali, yanaganda, na kesho mengine yanaganda juu yake.

Sasa fahamu jambo hili: frigo inafanya kazi kwa kuondoa joto ndani na kulitupa nje kwa nyuma. Barafu nene inafunika ukuta kama blanketi, na joto la chakula halipati njia ya kutoka. Mashini inanguruma mchana na usiku, umeme unaliwa bure, na chakula cha chini hakipoi vizuri.

2. Tafuta chanzo

Mganga hatoi dawa kabla ya kupima mgonjwa. Wewe nawe upime frigo yako.

Kwanza, angalia mpira wa mlango. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na frigo, ufunge mlango, halafu uvute karatasi. Ikitoka bila kushikwa, hewa inaingia hapo. Jaribu pande zote nne. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, maana mara nyingi kosa ni uchafu tu. Kama umepasuka, fundi aweke mwingine.

Pili, angalia kama mlango unafunga kabisa. Pengine sufuria inausukuma, au frigo imesimama upande.

Tatu, angalia desturi za nyumba. Je, watoto wanafungua mlango kila saa kutazama tu? Je, chakula kinaingizwa kikitoa mvuke, au bila kifuniko? Mvuke wote huo utakuwa barafu.

Nne, angalia kifungo cha baridi. Kama kimewekwa mwisho kabisa, kirudishe katikati.

Kuna frigo nyingine zinazoyeyusha barafu zenyewe. Ukiona barafu nene katika frigo ya namna hiyo, na mlango wake unafunga vizuri, mwite fundi.

3. Namna ya kuyeyusha

Usingoje barafu iwe nene kama ngumi. Ikifika nusu ya upana wa kidole, fanya kazi hii:

Ondoa umeme katika prizi. Toa chakula, ukiweke pamoja katika kikapu, ukifunike kwa blanketi mahali pa kivuli. Acha mlango wazi. Tandika vitambaa chini. Weka bakuli la maji ya moto ndani, juu ya kitambaa, ili barafu ilegee upesi. Barafu ikianguka, itoe kwa mkono. Kisha osha kwa maji na sabuni, na ukaushe vizuri sana, maana maji yakibaki yataganda tena. Rudisha umeme, na chakula kirudi baada ya baridi kurudi.

USITUMIE KISU, wala msumari, wala panga! Nyuma ya barafu kuna mirija myembamba yenye gesi. Ukitoboa mmoja, frigo imekufa. Tena, gesi ya frigo nyingi za siku hizi inashika moto. Basi usilete mshumaa wala makaa karibu. Ukisikia gesi inatoka, fungua madirisha, usiwashe moto wala taa, na utoe watu nje.

4. Chakula na dawa

Ndani ya frigo panatakiwa baridi ya digri 5 au chini yake, lakini pasigandishe. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, maana katika joto vijidudu vinaongezeka upesi. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Frigo iliyofungwa inashika baridi yake saa 4 hivi. Nyama iliyokaa katika joto muda mrefu itupwe, hata kama haijanuka. Vijidudu vingine havina harufu.

Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kati ya digri 2 na 8. Haipendi joto kali, lakini baridi ya kugandisha inaiharibu kabisa. Iweke katika kisanduku chake, katikati ya frigo, mbali na barafu na ukuta wa nyuma. Unapoyeyusha barafu, usiilaze juu ya barafu. Kama insulini imeganda, usiitumie, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Mgonjwa atajichoma sindano kila siku na sukari itapanda tu, naye hajui sababu. Irudishe hospitalini upewe nyingine. Usione haya kusema, "Dawa yangu iliganda." Haya imewaletea watu taabu nyingi.

Ndugu, barafu haiji kwa siku moja. Inaongezeka kidogo kidogo kama majani katika shamba lisilolimwa, na mwenye shamba anasema, "Kesho." Mungu ametupa mwili na watoto tuwatunze. Kutunza vema ni pamoja na kazi ndogo kama hii, ambayo hakuna mtu anayeisifu.

Maswali

1. Maji yanayokuwa barafu yanatoka wapi?
2. Utapimaje mpira wa mlango?
3. Kwa nini kisu kimekatazwa?
4. Mgonjwa afanye nini kama insulini yake imeganda?
5. Ukirudi nyumbani leo, utaangalia nini kwanza?