Responsable au responsible? Kifaransa ndani ya vivumishi vya Kiingereza

Mwenzetu mmoja, mtoto wa Kiambi, alitupa tusome barua yake ya kuomba kazi kabla ya kuituma. Kiingereza chake kilikuwa kizuri. Ila mstari mmoja ulisema: I am responsable and independant, with personnel experience. Makosa matatu, na yote ni Kifaransa kilichoandikwa vizuri.

Sikio halisaidii hapa. Sisi wa Kiswahili tunaandika tunachosikia, lakini Mwingereza hutamka -able na -ible karibu sawa. Vitabu vyao hufundisha hivi: ondoa mwisho wa neno, likibaki neno kamili, andika -able (readable, comfortable), lisipobaki, andika -ible (visible, terrible). Kanuni nzuri, mpaka ukutane na capable na probable. Kwetu tuliosoma kwa Kifaransa, kumbukumbu ya shule inaishinda: visible, possible, horrible, capable, probable huandikwa herufi kwa herufi katika lugha zote mbili. Azima neno bila hofu, kisha jihadhari na wasaliti wachache. Responsable ndiye mkubwa wao. Kiingereza kinataka i. Na comfortable ina m, si n.

Kwa -ant na -ent kazi ni ngumu zaidi. Participe présent ya Kifaransa huishia -ant kwa kila kitenzi. Kiingereza mara nyingi kimebaki na e ya Kilatini: independent, persistent. Halafu utaona resistant na important zina a. Hapo, kusema kweli, ni kukariri tu.

-el ya Kifaransa huwa -al, na n mbili hubaki moja: professionnel, professional, traditionnel, traditional. Personnel ndilo la kuogopa. Kiingereza kinalo neno hilo, ila ni nomino, maana yake wafanyakazi. Huenda hata kompyuta isilipigie mstari mwekundu, na anayesoma barua ataona mtu asiyejua anachosema.

-ful haina ndugu katika Kifaransa. Ni full iliyopoteza l moja: useful, careful. L ya pili hurudi kwenye kielezi, usefully.

Zoezi. Sahihisha: Crossing the Luvua at night is dangereous, a carefull and couragous boatman is indispensible. Maneno manne yana makosa. Mawili kati yake, Kifaransa chako kingetosha kuyaokoa.