Jua Haki Zako: Njia ya Chuo kwa Kijana Aliyelelewa Kambo Marekani

Katika fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wa vyuo, ile inayojulikana kama FAFSA, kuna swali ambalo kijana mwenye haraka hulijibu "hapana" na kujinyima maelfu ya dola. Linauliza hivi: tangu ulipotimiza miaka 13, je, uliwahi kuwa yatima wa wazazi wote wawili, kuwa katika malezi ya kambo, yaani fosta, au kuwa chini ya uangalizi wa mahakama?

Ukijibu "ndiyo", sheria inakuhesabu kama mwanafunzi anayejitegemea. Kipato cha wazazi wako hakiulizwi. Kipato cha familia inayokulea hakiulizwi, wala saini yao haihitajiki. Kinachopimwa ni mfuko wako mwenyewe, na kwa kijana asiye na kitu hiyo kwa kawaida ndiyo njia ya kupata ruzuku kamili ya Pell, ambayo kwa mwaka wa masomo 2025-26 ni hadi dola 7,395. Ni ruzuku, si mkopo.

Sheria haijali ulikaa fosta kwa muda gani. Kama ulichukuliwa ukiwa na miaka 14, ukakaa wiki chache, kisha mahakama ikakurudisha kwa mama, jibu bado ni "ndiyo". Kama uliasiliwa ukiwa na miaka 15, ni "ndiyo" vilevile. Usimruhusu mtu akuambie kwamba mambo hayo yameshapita.

Nawaandikia hasa vijana wanaozungumza Kiswahili waliofika Marekani bila mzazi, wengi wao Wakongo waliotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, wakapokewa kupitia mpango wa watoto wakimbizi wasio na wazazi. Katika mpango huo mtoto huwekwa chini ya usimamizi wa kisheria katika jimbo alilofikia, na anastahili huduma zilezile ambazo jimbo huwapa watoto wengine wa malezi ya kambo. Kwa hiyo ukiwa Grand Rapids au Houston, usijione mgeni katika haki hizi. Mkimbizi pia ni miongoni mwa wasio raia wanaoruhusiwa kuomba msaada wa serikali kuu kwa ajili ya masomo.

Sasa nije kwenye jambo linalotutatiza sisi zaidi kuliko Wamarekani. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wangu, na hakuna anayekwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kumlea. Sheria ya Marekani haioni hivyo. Ukilelewa na shangazi Kentucky kwa makubaliano ya kifamilia tu, kwenye fomu wewe si mtoto wa malezi ya kambo, hata kama shangazi huyo amekulisha na kukusomesha miaka kumi. Karatasi aliyoisaini mama yako kumpa shangazi mamlaka ya kukuandikisha shule nayo haitoshi. Kinachotambuliwa ni amri ya mahakama ya jimbo unaloishi inayomfanya shangazi kuwa mlezi wako wa kisheria, au uamuzi wa idara ya ustawi wa watoto wa kukuweka kwake. Shangazi, mjomba, bibi: kama mnamlea mtoto wa ndugu, nendeni mkaombe amri hiyo angali mdogo. Akishatimiza miaka 18, katika majimbo mengi mlango huo umefungwa. Kuiomba amri hakumvunjii heshima mzazi wake aliye mbali.

Na kama hakuna amri, wazazi hawajulikani walipo, na vyeti vya vifo havipatikani kwa sababu walipofia hapakuwa na ofisi ya kuviandika? Bado kuna njia. Sheria iliyorekebisha FAFSA, ambayo utaratibu wake mpya ulianza kutumika mwaka wa masomo 2024-25, inataja hali zisizo za kawaida zinazomruhusu afisa wa misaada wa chuo kumhesabu mwanafunzi kuwa anayejitegemea. Miongoni mwake ni kutelekezwa na wazazi, wazazi kufungwa gerezani, na mwanafunzi mwenyewe kupewa kisheria hadhi ya ukimbizi au hifadhi. Kwenye fomu utaweka alama kwamba una hali ya namna hiyo, utaendelea bila taarifa za wazazi, kisha utakwenda chuoni kueleza. Chuo ndicho kinachoamua, kwa hiyo nenda na barua ya mchungaji, ya mwalimu, au ya shirika lililokupokea.

Kwa aliye chini ya mahakama, kila kitu kinategemea uthibitisho. Barua ya idara ya ustawi wa watoto inatosha. Nakala ya amri ya mahakama inatosha. Maelezo ya wakili wako au ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama kukutetea yanatosha. Iombe barua hiyo kabla kesi yako haijafungwa. Ofisi ikishafunga faili, na afisa aliyekujua akishahamia kwingine, utazungushwa. Piga picha ya barua, itume kwenye barua pepe yako, mwachie nakala mtu unayemwamini.

Maandalizi yanaanza mapema zaidi ya hapo. Tangu sheria ya mwaka 2014, kijana wa malezi ya kambo akifikisha miaka 14 ana haki ya kushiriki kutengeneza mpango wa maisha yake, na kuchagua hadi watu wawili wa kukaa naye mezani ambao si mlezi wake wala afisa wa kesi yake. Chagua mtu anayejua shule. Sema waziwazi kwamba unataka kwenda chuo, na udai maneno hayo yaandikwe ndani ya mpango. Kisichoandikwa, afisa mpya hatakijua.

Ukihamishwa nyumba, si lazima uhamishwe shule. Sheria ya elimu ya mwaka 2015 inataka mtoto wa malezi ya kambo abaki katika shule yake ya awali isipokuwa ikionekana si kwa faida yake. Na ikibidi ahame, shule mpya inapaswa kumpokea mara moja hata kama kumbukumbu zake hazijafika. Haki hii naiona nzito kuliko inavyochukuliwa, kwa sababu kijana aliyebadilishwa shule katikati ya muhula hupoteza masomo aliyokwisha kuyahesabu kuelekea kuhitimu sekondari, na bila kuhitimu hakuna chuo cha kuzungumzia.

Unapoondoka katika malezi ukiwa na miaka 18 au zaidi, nawe ulikaa humo angalau miezi sita, idara haina ruhusa ya kukuachia mikono mitupu. Inapaswa kukukabidhi cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, taarifa za bima ya afya, kumbukumbu za matibabu, na leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo. Usisaini kwamba umevipokea mpaka umevishika.

Kuhusu fedha nyingine, kuna vocha ya elimu na mafunzo, maarufu kama ETV, inayotoa hadi dola 5,000 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 2018 inaruhusu kuilipa mpaka kijana afikishe miaka 26, ilimradi jumla isizidi miaka mitano. Aliyeasiliwa au kupewa mlezi wa kisheria akitokea fosta baada ya kutimiza miaka 16 anaweza kuiomba pia. Texas, Florida na Kentucky ni miongoni mwa majimbo yaliyosamehe ada katika vyuo vya umma, kila moja na masharti yake ya umri. Michigan ina ufadhili wake kwa vijana hawa. Omba mapema, maana baadhi ya fedha hizi huisha.

Usikimbilie kutoka katika malezi siku ya kutimiza miaka 18. Najua hamu ya kuwa huru. Lakini majimbo mengi huruhusu kubaki hadi miaka 21 ukiwa unasoma, na mengine humpokea tena aliyeondoka akajuta. Pamoja na hilo, uliyekuwa fosta na kwenye Medicaid ulipotimiza miaka 18, unaweza kubaki na bima hiyo hadi miaka 26. Kama ulitimiza 18 kuanzia 1 Januari 2023, haki hiyo inakufuata hata ukihamia jimbo jingine kusoma. Kumbuka kwamba masharti ya bima kwa wasio raia yanabanwa, hivyo mkimbizi aliyekwisha kukaa mwaka mmoja Marekani aombe kadi ya kijani bila kuchelewa.

Kwa kijana asiye na hati za uhamiaji kabisa, muda ni mfupi. Kuna hadhi maalumu kwa watoto walioteswa, kutelekezwa au kupuuzwa na mzazi, na inaweza kumfikisha kwenye kadi ya kijani. Maombi hupelekwa kabla ya kutimiza miaka 21, lakini yanahitaji kwanza amri ya mahakama ya jimbo, na mahakama nyingi hupoteza mamlaka juu yako unapotimiza 18. Mwone mwanasheria wa uhamiaji ukiwa na miaka 16, usisubiri barua ya kukubaliwa chuoni.

Unapochagua chuo, uliza jambo ambalo wenye wazazi hawalifikirii: mabweni yakifungwa Krismasi, mimi nitalala wapi? California na Texas zina sheria zinazovitaka vyuo vya umma kuwasaidia vijana hawa kwa makazi wakati wa likizo. Kwingine, pata jibu kwa maandishi kabla hujathibitisha nafasi.

Na ofisi ya misaada ikikataa kukuhesabu kuwa anayejitegemea, omba uamuzi huo kwa maandishi na sababu zake. Wana wajibu wa kushughulikia suala hilo ndani ya siku 60 tangu ulipojiandikisha, na wakishakukubali mwaka wa kwanza hawapaswi kukuanzisha upya kila mwaka katika chuo hichohicho, isipokuwa hali yako imebadilika. Wakishikilia msimamo wao, peleka malalamiko kwa msuluhishi wa ofisi ya misaada ya wanafunzi ya serikali kuu, ukiambatisha barua yako ya mahakama na majibu yao. Huduma hiyo hailipiwi.