Maungamo ya Mara kwa Mara: Tusingoje Pasaka

Kila mwaka siku chache kabla ya Pasaka twaona jambo lile lile katika parokia zetu. Msururu wa watu watakao kuungama wazunguka kanisa, mapadre hawapati nafasi hata ya kunywa maji, na wengine warudi nyumbani jioni zamu yao haijafika. Jumamosi ya pili baada ya sikukuu, padre yule yule aketi tena mahali pa maungamo, wala haji mtu ila vikongwe wawili watatu. Je, tuseme ya kuwa dhambi zimekwisha? La hasha! Iliyokwisha ni hofu ya kuvunja sheria.

Sheria hiyo ni ya kale. Mtaguso wa Nne wa Laterano, uliofanyika Roma mwaka 1215, uliamuru kila Mkristo aliyefikia umri wa akili aungame angalau mara moja kwa mwaka. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo yadai kila mwamini aungame dhambi zake kubwa angalau mara moja kila mwaka. Yafaa tulifikiri sana neno hilo “angalau”. Mama Kanisa ametuwekea mpaka wa mwisho tusiupite; hakusema ya kwamba kufika mpakani kwatosha. Mkulima apaliliaye shamba mara moja tu, siku ya kuvuna, atavuna nini?

Wengine wauliza: “Mimi sikuua, sikuzini, sikuiba. Nitaungama nini kila mwezi?” Swali hili lastahili jibu la haki. Ni kweli kwamba dhambi ndogo haziondoi neema ya utakaso rohoni. Kanisa halitulazimishi kuziungama, maana zaweza kuondolewa pia kwa majuto, kwa sala, kwa matendo ya mapendo na kwa kupokea Ekaristi kwa moyo mwema. Lakini mwaka 1943 Papa Pius XII, katika barua yake juu ya Mwili wa Fumbo wa Kristo, aliwaonya wale waliodharau desturi ya kuungama dhambi hizo mara kwa mara. Alitaja faida zake: mtu hujifahamu zaidi, unyenyekevu hukua, mazoea mabaya hung'olewa, ulegevu wa roho hupingwa, dhamiri hutakaswa, nia hupata nguvu, na neema huongezeka kwa nguvu ya Sakramenti yenyewe.

Tuitazame faida ile ya kwanza. Aungamaye mara moja kwa mwaka hukumbuka nini? Husema: “Nimekasirika, nimesema uwongo, nimekosa sala.” Maneno hayo yaweza kusemwa na mtu yeyote katika ulimwengu huu. Lakini aungamaye kila mwezi, akijihoji vema, atasema: “Siku ya mnada nilimpunja mjane kipimo cha mahindi. Na ndugu yangu sijamsalimu tangu tulipogombea mpaka wa shamba.” Huyu amejifahamu. Tena, aweza kutengeneza: mahindi bado yamo ghalani, atayarudisha, ndugu yake bado yu hai, atamwendea. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Angojaye Pasaka yawezekana akute mjane amekwisha hama, na ndugu yake amekwisha zikwa. Mungu atamsamehe akitubu kwa kweli. Bali mkono aliokusudia kuushika hataupata tena hapa duniani.

Wako pia wanaokaa mbali kwa sababu ya haya. Wasema: “Padre anifahamu; nitamtazamaje kesho?” Hao na wajue ya kuwa siri ya maungamo haina ruhusa ya kufunguliwa, si kwa mfalme wala kwa hakimu. Padre aivunjaye waziwazi hutengwa na Kanisa papo hapo kwa sheria yenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeficha kwa makusudi dhambi ya mauti katika maungamo haponi. Huondoka na jeraha lile lile, na juu yake ameongeza lingine. Tena, hakuna aliye mkubwa mno kwa Sakramenti hii. Mwaka 2014, katika Basilika la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko alipiga magoti mbele ya padre na kuungama, watu wote wakimwona, kabla ya yeye mwenyewe kuwaungamisha wengine.

Mapadre wetu nao wana sehemu yao. Mtakatifu Yohane Maria Vianney alifika Ars, kijiji kidogo cha Ufaransa, mwaka 1818. Katika miaka yake ya mwisho, kabla hajafariki mwaka 1859, watu walimjia kutoka mbali kwa maelfu, naye alikaa katika kiti cha maungamo hata saa kumi na sita kwa siku. Watu huja wakijua ya kuwa watamkuta padre. Kwa hiyo saa ya maungamo na itangazwe, na ikitangazwa, ishikwe.

Na huko vigangoni, ambako padre huenda afike mara moja tu kwa mwezi, je? Mara nyingi twamlaki kwa shangwe, twamweleza habari za bati la kanisa na michango, kisha twamwacha aondoke bila mtu kumwomba maondoleo. Makatekista na wawakusanye Wakristo mapema, wajiandae kabla padre hajafika.

Basi, wapenzi wasomaji, chagueni siku moja katika kila mwezi, mkaishike kama mshikavyo siku ya soko. Usiku wa kuamkia siku hiyo mjihoji dhamiri, mjute, mkusudie kuacha. Asubuhi mwende mkaungame, kisha mtimize kitubio mlichopewa. Na kama kuna mtu mliyemkosea, mpitie kwake siku hiyo hiyo wakati wa kurudi nyumbani.